Maana ya Kujitolea: Watumishi wa TANU Wasiolipwa katika Jimbo la Ziwa, 1953–1961

Nchi ya Waikoma, ambamo kijiji cha Robanda kimo, imepakana na mbuga za Serengeti. Hapo jirani Wajerumani walijenga ngome, na tangu zama hizo wenyeji waliijua serikali kwa alama zake: boma, kodi na amri. Mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianza kazi, na pori ambalo wazee waliwinda kwa ajili ya kitoweo likawekewa mpaka. Aliyeuvuka na upinde wake aliitwa jangili. Uchungu huo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa haujawa siasa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uchungu wa namna hiyo ulivyogeuzwa kuwa kazi ya chama katika Jimbo la Ziwa, na jinsi neno “kujitolea” lilivyoihifadhi historia hiyo.

Yafaa kwanza kutazama malalamiko yenyewe, maana hayakuwa ya aina moja. Mkulima wa pamba wa Usukuma alilalamikia mizani ya mnunuzi. Mfugaji alilalamikia amri ya kupunguza ng’ombe. Mwindaji wa Ikoma alilalamikia mpaka wa hifadhi. Kila mmoja alikuwa na bwana wake: huyu Bwana Shamba, yule Bwana Nyama, mwingine mtemi na matarishi wake. Mtu aliyeonewa na Bwana Nyama hakuwa na sababu ya kudhani kwamba shauri lake lilikuwa moja na la mtu aliyepunjwa kwenye mizani umbali wa siku nyingi za safari. Kazi ya kwanza ya mtu wa siasa ilikuwa kuonyesha kwamba mabwana hao wote walitumwa na mmoja, naye ni serikali.

Ni nani basi aliyeifanya kazi hiyo? Waraka wa Serikali wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Waafrika wengi waliokuwa na elimu walikuwa watumishi wa serikali. Kwa hiyo waraka huo uliwataka wachague baina ya mshahara na siasa. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilibidi iwategemee watu ambao mkate wao haukutoka bomani: wachuuzi, mafundi, wakulima na watu wa vyama vya ushirika. Julius Nyerere alipotakiwa kuchagua mwaka 1955, aliacha ualimu wa Pugu, akarudi kwao Musoma, akawafundisha mapadre wa Maryknoll Kizanaki. Bhoke Munanka, Mkuria wa Tarime, alikuwa miongoni mwa walioongoza siasa mjini Mwanza. Waraka uliokusudiwa kukidhoofisha chama ulikuwa kama chujio: waliobaki walikuwa wale waliokuwa tayari kupata hasara.

Na hasara ilikuwapo. Katika Usukuma TANU ilipigwa marufuku tangu 1954 hadi 1958, na mahali pengi mkutano wa hadhara haukuweza kufanywa pasipo ruhusa ya Bwana Wilaya. Mwaka 1958 watu wa Geita walikwenda kwa miguu hadi Mwanza kulipinga baraza la wilaya la mseto wa rangi. Mwaka huo huo Nyerere alishtakiwa kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowalaumu mabwana wilaya wawili, mmoja wa Songea na mwingine wa Musoma, ambayo ndiyo wilaya iliyoitawala nchi ya Ikoma. Alitozwa faini ya shilingi 3,000.

Kwa mtaalamu wa lugha, jambo la kuangaliwa ni kwamba mtu wa kujitolea alikuwa mkalimani kabla ya kuwa mnenaji. Kiswahili kilimfikisha mkutanoni, lakini Kiikoma, Kikurya au Kizanaki ndicho kilichomfikisha nyumbani kwa watu. Pwani, “uhuru” ulikuwa hali ya mtu asiye mtumwa. Jukwaani ukawa hali ya nchi. “Kura” nayo ilihitaji maelezo marefu, hasa baada ya mkutano wa Tabora wa Januari 1958, TANU ilipokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Ilibidi mpiga kura, ambaye tayari alikuwa amechujwa kwa elimu, kipato au cheo, aelezwe kwa nini amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja, chama kikiwa kinaupinga utaratibu huo huo. Maelezo hayo yalizaa matunda: mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Kitenzi “jitolea” kimetokana na “toa”, kikapata umbo la kutendea na kiambishi “-ji-”. Mtendaji ndiye sadaka yenyewe. Umbo hilo halisemi anatolewa kwa nani. Kabla ya 1961 jibu lilikuwa chama kinachoishindania nchi. Baada ya 1961, katika siku za wito wa Uhuru na Kazi, jibu likawa serikali: kujitolea kulikuwa kuchimba barabara na kujenga shule. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kulipofanywa amri, hiari iliyomo katika neno ilikuwa imepungua sana.

Kwa watu wa Ikoma badiliko hilo lilikuja mapema. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Nyerere alitoa tamko Arusha la kuwalinda wanyama wa pori. Serikali ilibadilika, Bwana Nyama akabaki, na mpaka pia. Lililobaki kwa wananchi ni ujuzi wa kuikusanya hasira na kuielekeza mahali pamoja. Ujuzi huo haukuwa mali ya chama kimoja. Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992 ulipata nafasi tena, na mwaka 2005 Tarime ikampeleka bungeni Chacha Wangwe wa CHADEMA. Anayetaka kujua maana ya “kujitolea” katika siasa za Tanzania hana budi kuuliza kila mara: kwa nani, na kwa amri ya nani?