Jeraha la Ndani na Majina Yake

Lugha ya Kiswahili ni tajiri wa maneno ya majeraha yaonekanayo kwa macho. Tunayo mikwaruzo, michubuko, mikato, vidonda, madonda na makovu, na kila mmoja wetu ayajua tangu utotoni bila ya kufundishwa. Lakini mtu akipigwa teke tumboni, au akianguka kutoka juu ya lori, ngozi yake isichanike, utajiri huo hupungua ghafula. Husemwa tu kwamba ameumia ndani, au kwamba damu imevia. Maneno hayo ni ya kweli, walakini hayatoshi. Chini ya neno moja hilo la kuumia ndani wamelala watu wawili: mmoja ini lake limepasuka naye huenda asilione jua la kesho, na wa pili misuli yake imevimba naye atachunga mbuzi baada ya juma moja. Hapana budi, basi, pawe na majina yatakayowatenga watu hawa wawili mapema, maadamu mmoja wao hana muda wa kungoja. Insha hii yaeleza jinsi majina hayo yalivyotafutwa ulimwenguni, na yalivyojaribiwa katika nchi kame ya Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya.

Kazi hii ni ya kale kuliko watu wengi wanavyodhani. Liko karatasi la mafunjo la Misri, lililoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya kuzaliwa Kristo, ambalo lilinunuliwa mjini Luxor mwaka 1862 na Mmarekani aitwaye Edwin Smith. Ndani yake yameelezwa majeraha 48, yakianzia kichwani na kushuka chini. Kila jeraha lilipewa hukumu yake: ama tabibu aweza kulitibu, ama atashindana nalo, ama halitibiki. Angalia, msomaji, kwamba Wamisri hao hawakuwa na njia ya kuona ndani ya mwili. Waligusa, walinusa, walitazama jinsi mgonjwa alivyogeuza shingo, kisha wakatoa jina lililokuwa pia ni shauri la kutenda. Kwa maoni yangu, jambo hilo la jina kuwa shauri ni bora kuliko mengi yaliyofuata baadaye.

Katika karne ya 19 majina yalitafutwa kwa haja nyingine, nayo ni hesabu ya vifo. William Farr wa Uingereza alitaka kila nchi iyaite maradhi kwa majina yale yale ili vifo vya mahali pamoja vilinganishwe na vya pengine. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha iliyokubaliwa na mataifa mengi, na mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliichukua orodha hiyo likaifanya yake, katika marekebisho ya 6. Humo palikuwa na fungu maalumu la majeraha ya ndani ya kifua, tumbo na nyonga. Fuvu na ubongo viliwekwa kando, kana kwamba ubongo haumo ndani. Fungu hilo lilidumu hata marekebisho ya 10, yaliyoidhinishwa mwaka 1990, ambayo yalilivunja. Tangu hapo majeraha yalipangwa kwanza kwa sehemu ya mwili, na jina la jumla la jeraha la ndani likapoteza nyumba yake. Karani wa hospitali akakatazwa, kwa kusema hivyo, kuandika kwamba mtu ameumia ndani bila ya kutaja ni ndani ya nini.

Wakati huohuo magari yalikuwa yakiua watu wengi Marekani, na madaktari wa huko wakatunga vipimo vya ukali. Mwaka 1971 kilitangazwa kipimo cha kukipa kila kiungo kilichoumia namba ya ukali wake. Mwaka 1974 Susan Baker na wenzake wakaonyesha kwamba ukichukua namba za sehemu tatu zilizoumia zaidi, ukazidisha kila moja kwa yenyewe na kuzijumlisha, hupatikana jumla isiyozidi 75 inayobashiri vizuri nani atakufa. Mwaka 1989 madaktari wapasuaji wa Marekani wakatoa madaraja ya wengu, ini na figo, kwa kupima kina cha mpasuko na ukubwa wa damu iliyovia. Vipimo hivi ni vizuri, na sina nia ya kuvibeza. Lakini vyote vyadai jambo moja: daktari awe amekwisha kuona ndani, ama kwa kisu, ama kwa mashine ipigayo picha za mwili vipande vipande.

Sasa tuje Turkana. Kutoka Lodwar mpaka Kakuma ni yapata kilomita 120, na kutoka Kakuma mpaka Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, ni kilomita 95 au zaidi kidogo. Hizo ni za barabara kuu. Mchungaji ajeruhiwaye huko malishoni hubebwa kwanza kwa mgongo wa punda au kwa mabega ya ndugu zake mpaka afike barabarani, na mito mikavu ya mchanga ikijaa maji hapana apitaye. Wizi wa mifugo ni wa zamani katika nchi zile, ila silaha zilibadilika. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto, ng'ambo ya mpaka, liliporwa, na bunduki za vita zikaenea katika mbuga mahali pa mikuki. Mkuki hutoboa palepale uingiapo. Risasi iendayo kwa kasi huweza kuingia kwa tundu dogo kama punje ya mahindi na kuharibu nyama nyingi ndani kabla ya kutoka. Hivyo jeraha la nje na jeraha la ndani vikaachana, na jicho la mtazamaji likawa halitoshi tena.

Mwaka 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali mahali paitwapo Lopiding, karibu na Lokichoggio, kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan. Ilianza kwa vitanda vichache. Katika kilele chake ilizidi vitanda 500, ikawa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za upasuaji zilizopata kuendeshwa na Kamati hiyo. Majeruhi waliletwa kwa ndege, wengine siku nyingi baada ya kupigwa risasi. Wakimbizi wa Kakuma, ambako kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipelekwa huko pia walipohitaji upasuaji, na Waturkana wenyewe waliingia mlango uleule.

Hospitali za namna hii zilikuwa na shida moja. Wapasuaji walitoka nchi mbalimbali, wakakaa miezi michache, kisha wakaenda zao. Mmoja akiandika kwamba jeraha ni kubwa, wa pili aliyempokea kazi hakujua ukubwa huo ni wa kadiri gani. Mwaka 1991 Robin Coupland, daktari mpasuaji wa Msalaba Mwekundu, alitangaza utaratibu wa kuyapanga majeraha ya vita kwa herufi sita tu. E ni upana wa tundu la kuingilia, kwa sentimita. X ni upana wa tundu la kutokea. Pasipo tundu huandikwa 0. C ni shimo la ndani: je, laweza kupokea vidole viwili kabla ya upasuaji? F ni mfupa: mzima 0, uliovunjika kidogo 1, uliosagika 2. V ni sehemu za uhai. M ni vipande vya chuma vionekanavyo katika picha ya eksirei.

Chukua mfano wa mchungaji aliyepigwa risasi pajani. Tundu la kuingilia ni sentimita 1, la kutokea ni 6, vidole viwili vyaingia, mfupa umesagika. E na X jumla yake ni 7, haikufika 10. Lakini kwa kuwa C ni 1 na F ni 2, jeraha ni la daraja la 2. Kama jumla ingekuwa 10 au zaidi, pamoja na shimo au mfupa uliosagika, lingekuwa la daraja la 3. Na kama pasingekuwa na shimo wala mfupa uliosagika, hali jumla ni ndogo, lingekuwa la daraja la 1. Kazi yote hiyo yahitaji rula, vidole viwili na macho mazima. Mtu aweza kuifanya Lodwar, Lokitaung, au chini ya mgunga.

Herufi ninayoistahi kuliko zote ni V. Haiulizi ni kiungo gani kilichopasuka. Yauliza kama risasi imetoboa utando uzungukao ubongo, au utando wa mapafu, au utando wa tumbo, au kama imekata mshipa mkubwa wa damu. Yaani hauulizwi chumba gani kimeharibiwa, waulizwa kama mlango umevunjwa. Sababu yake ni ya kazi: utando wa tumbo ukiisha kutobolewa, daktari hulazimika kulifungua tumbo hata kama hajui ni utumbo au ini. Baadaye V iligawanywa, kama kilivyoeleza kitabu cha upasuaji wa vita kilichotolewa na Kamati hiyo mwaka 2009, ili ubongo na uti wa mgongo, kifua, tumbo, na mishipa ya damu vipate kila kimoja alama yake.

Yako hapa mambo ya kumkanganya mwanafunzi. Mtu mwenye tundu moja dogo tumboni, bila shimo, bila mfupa kuvunjika, ameandikwa daraja la 1, na huenda ndiye aliye karibu zaidi na kifo, kwa kuwa V yake ni 1. Daraja hupima nyama iliyoharibika, halipimi hatari. Anayesoma daraja peke yake na kuisahau herufi amempeleka mgonjwa mwisho wa foleni.

Hata hivyo utaratibu huu una upungufu mkubwa, nao waonekana wazi zaidi siku vita vinapotulia. Pasipo tundu hauna la kusema. Mtoto aliyekanyagwa na ngamia, kijana aliyetupwa na pikipiki katika barabara ya Kakuma, mwanamke aliyepigwa rungu tumboni, wote hao wana E 0 na X 0. Tumerudi kwenye kuumia ndani.

Na tumbo la mtu wa Turkana si sawasawa na tumbo lililopimwa na madaktari wa Marekani. Nchi hiyo ina malaria, na katika baadhi ya sehemu zake upo ugonjwa wa kalaazari, uenezwao na visubi. Maradhi yote mawili huvimbisha wengu, au bandama kama wengine waitavyo, na wengu uliovimba hupasuka kwa pigo ambalo mtu mzima wa afya angelicheka. Kisha kuna haidatidi. Ugonjwa huu huletwa na mayai ya tegu wa mbwa, ambayo mtu akiyameza hujenga mifuko ya maji katika ini au mapafu, mingine ikakua kupita kichwa cha mtoto. Uchunguzi wa miaka ya 1980 ulikadiria kwamba katika kaskazini magharibi mwa Turkana walipatikana wagonjwa wapya takriban 200 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, kadiri iliyokuwa miongoni mwa za juu kabisa duniani. Mfuko huo ukipasuliwa na pigo, maji yake humwagika tumboni. Yaweza kuushtua mwili hata ukaua kwa muda mfupi, na yaweza kupanda mbegu za mifuko mipya. Madaraja ya ini ya mwaka 1989 yanauliza kina cha mpasuko. Hayaulizi kama ndani ya ini hilo kulikuwa na mfuko kabla ya pigo.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huohuo uliileta Turkana njia ya kuona ndani bila ya kisu. Shirika la AMREF, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, lilianza mpango wa kupambana na haidatidi huko Lokichoggio mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watafiti wake walizunguka na mashine ndogo ya mawimbi ya sauti, wakiwapima watu katika maboma yao. Mtunisia Hassen Gharbi alikuwa ametangaza mwaka 1981 namna tano za mifuko hiyo kwa sura yake katika mashine. Mwaka 2003 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walizipanga upya, wakitenga iliyo hai, iliyo katika kugeuka, na iliyokufa. Iliyokufa huachwa na kuangaliwa tu. Tazama jinsi tulivyorudi kwa Wamisri: jina la mfuko ni shauri la kutenda. Na mashine iyo hiyo ikiwekwa juu ya tumbo la aliyepigwa huonyesha kama damu imekusanyika ndani, jambo ambalo mkono wa tabibu hauwezi kulithibitisha saa za kwanza.

Mwezi wa Juni 2006, mwaka mmoja na zaidi baada ya mapatano ya amani ya Sudan kutiwa sahihi Nairobi, Msalaba Mwekundu uliikabidhi hospitali ya Lopiding kwa serikali ya Kenya. Ndege za majeruhi zilikoma, vitanda vingi vikatolewa. Hospitali kuu ya Lodwar ikabaki ndiyo tegemeo la nchi yote, nayo hupokea wagonjwa kutoka Kakuma na kwingineko wakiwa na karatasi mkononi.

Karatasi hiyo aghalabu huandikwa na afisa wa tiba aliye peke yake usiku, baada ya kumsikiliza mgonjwa kwa kinywa cha mkalimani, maana katika kambi ya Kakuma husemwa lugha nyingi. Akiandika kwamba mgonjwa ameumia ndani, atakayeipokea Lodwar hajui amwandalie chumba cha upasuaji au kitanda cha kulala. Akiandika kwamba alipigwa saa nane mchana upande wa kushoto chini ya mbavu, kwamba bandama ilikwisha kuvimba tangu zamani, kwamba mapigo ya moyo yalikuwa 96 saa kumi na 128 saa moja jioni, na kwamba tumbo limekuwa gumu, basi hata asipotaja daraja lolote la mataifa, damu ya kumwongeza itakuwa imetafutwa kabla gari halijafika Lodwar.