Namba 164: Nasaba ya Onyo la Kumbukumbu

Kompyuta ya mezani inayofika Ipelele, kata iliyo juu katika baridi ya milima ya Makete, mkoani Njombe, aghalabu huwa imekwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, ikashushwa bandarini Dar es Salaam, ikapita mikononi mwa wachuuzi wa Kariakoo na kupakiwa hadi Makambako, na ndipo ikaanza kupanda milima. Na kwa kuwa ni kongwe, hitaji la kwanza la mnunuzi wake ni kuongezewa kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita ramu, ili mwendo wake uwe mwepesi. Ramu ikisha kupachikwa na swichi kubonyezwa, mara nyingi mashine haiendelei, bali huandika juu ya kioo cheusi namba 164 na maneno machache ya Kiingereza, ikatulia. Mwenye mali hudhani ameuziwa kitu kibovu, na fundi asiye na subira huafikiana naye, ilhali namba ile haitaji ubovu wowote.

Ili tuijue nasaba ya namba hiyo, turudi nyuma. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ICT 1500, mashine ambayo asili yake ni RCA 301 ya Marekani. Kumbukumbu yake ilikuwa ya vikuku vidogo vya sumaku vilivyofumwa kwa nyaya, vyenye sifa ya kutopoteza kilichoandikwa hata umeme ukikatika. Walakini maarifa hayo yalikuwa ghali, na baada ya hesabu za Serikali kuvurugika na fedha za kigeni kupotea, lilitoka agizo la mwaka 1974 la kuzuia kompyuta na vifaa vyake kuingizwa nchini, wakati ambapo kompyuta zote zilizokuwamo hazikuzidi saba. Reli ya TAZARA ilikuwa imekwisha kupita Makambako wakati huo, lakini shehena ya namna ile haikuwa na ruhusa ya kupanda. Sitawalaumu waliotoa agizo, kwa kuwa hasara waliiona kwa macho. Ila ni dhahiri kuwa taathira yake ilikuwa kubwa, kwani miaka ile ya marufuku ndiyo miaka ambayo kompyuta ndogo ilizaliwa ulimwenguni, ikajifunza kujikagua, na sisi hatukuwapo.

Huko ng'ambo, Robert Dennard wa kampuni ya IBM alikuwa amekwisha kupata hataza mwaka 1968 kwa kumbukumbu ya namna mpya, iliyo rahisi na ndogo mno, lakini isiyoweza kushika neno pasipo umeme, tena sharti ihuishwe mara nyingi katika kila sekunde. Kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 ilijengwa juu ya kumbukumbu hiyo, ikianzia na kilobaiti 16 tu; na aliyetaka kuiongezea ilimpasa afungue kasha na kugeuza kwa mkono swichi ndogondogo za ubao mkuu, ili mashine iarifiwe kiasi kilichomo. Mwaka 1984 taklifu hiyo iliondolewa katika mashine iliyoitwa AT: humo ilitiwa chipu yenye saa na baiti 64 za hifadhi, ikilindwa na betri yake yenyewe, na humo ndimo kilimoandikwa kiasi cha kumbukumbu. Tangu hapo mashine ya nasaba hiyo iwashwapo huhesabu ramu iliyomo na kuilinganisha na maandishi, kama mfanyabiashara wa Kikinga pale Makambako ahesabuye magunia yaliyomo ghalani kabla ya kufungua daftari; na hesabu mbili zisipoafikiana, 164 hujitokeza. Watu wa kampuni ya Compaq waliirithi namba hiyo, na HP walipoinunua Compaq mwaka 2002 wakairithi wao, hata leo imo katika maelfu ya mashine za mitumba.

Basi baada ya kuongeza ramu, onyo hilo likija mara moja ni ushahidi kuwa ramu imeonekana: bonyeza F1, hesabu mpya iandikwe. Likirudi kila asubuhi, na hasa likiandamana na 163, inayosema kuwa saa na tarehe hazijawekwa, kosa si la ramu abadan, bali ni la betri ya CR2032, ile ya volti 3 yenye umbo la sarafu, ambayo kwa kompyuta iliyokaa miaka mingi ghalani imekwisha kufa. Namba 201 ni kadhia nyingine, nayo huashiria kumbukumbu yenye hitilafu. Ikiwa kioo hakionyeshi kitu na mashine inalia mara tano huku taa nyekundu ikimetameta, kumbukumbu haikusomeka: chomoa waya wa umeme, toa ramu, safisha meno yake, uirudishe hadi vibanio vya pande zote viitike. Aidha ramu za aina ya DDR2 na DDR3 hazibadilishani, na pengo la kila moja limewekwa mahali pake kwa makusudi. Asiye na hadhari hulazimisha, akavunja. Na mashine iliyotoka katika chumba cha baridi ya Makete na kuingizwa penye moto iachwe kwanza, kwa kuwa umande hujikusanya ndani yake usionekane.

Kuna pia wanaotia gigabaiti 4 na kuona 3 na kitu juu ya kioo, wakadai wamepunjwa. Mara nyingi programu endeshi ya biti 32 ndiyo isiyofikia zaidi ya hapo, na muuzaji hana hatia.

Ewe fundi wa Ipelele, wa Njombe au wa Makambako, kabla hujamwambia mkulima wa viazi aliyeuza mavuno yake anunue ramu nyingine, itazame saa ya kompyuta kwanza, na ikiwa imepotea, badilisha betri.