Picha za Iraq ambazo hatukuonyeshwa

Wenzangu, ukitaja Iraq ya 2003, wengi kichwani inatujia picha moja: sanamu ya Saddam inaangushwa pale Baghdad. Halafu vifaru, moshi, mama analia. Wafanyakazi wamekaa kikao wanaunda chama chao? Hiyo hatukuonyeshwa. Lakini picha zipo.

Oktoba 2003, miezi sita baada ya jeshi la Marekani kuingia Baghdad, alifika mpiga picha kutoka California, David Bacon. Kabla ya kamera alifanya kazi miaka mingi ya kuwaunganisha wafanyakazi kwenye vyama, kwa hiyo alijua pa kwenda. Alienda viwandani, kimoja kile cha kusafishia mafuta cha Daura, akapiga picha watu wakiwa kazini.

Mwaka 1987 Saddam alitoa amri namba 150: mfanyakazi wa serikali asiwe na chama. Na Iraq viwanda vikubwa karibu vyote vilikuwa vya serikali. Saddam akaanguka, utawala wa Paul Bremer ukafuta mambo yake mengi, ila hiyo amri ukaiacha. Mimi siamini walisahau. Septemba 2003 haohao walitoa amri namba 39, mgeni aweze kumiliki kampuni asilimia 100, ukiondoa mafuta. Sasa nani angepinga kama si chama?

Watu hawakungoja ruhusa. Agosti 2003 wafanyakazi wa mafuta kule Basra waligoma. Baadaye walitishia tena, na mshahara wa chini ukapanda kutoka dinari 69,000 kwa mwezi hadi 102,000. Hayo yote bila sheria kuwatambua!

Gharama ilikuwepo. Desemba 2003 askari wa Marekani walivamia ofisi ya shirikisho la vyama Baghdad, wakakamata watu wanane. Januari 2005 Hadi Saleh, kiongozi wa shirikisho hilo, aliuawa nyumbani kwake. Huyu alikuwa mkimbizi kama sisi: alifungwa miaka mitano, akaishi uhamishoni Sweden, akarudi 2003 kujenga vyama upya.

Ndiyo maana picha kama hizi si mchezo. Sura ya mtu ikionekana, adui naye anaiona. Lakini bila sura, dunia inaamini Iraq ni wauaji na waliouawa tu. Nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, mnaopita kambini na kamera, hapa nawaomba msikilize: mtoto mwenye kamasi mnampiga kila siku. Kamati yetu ya maji ikiwa kikaoni, mbona hamuipigi? Ila ulizeni kwanza, maana kuna wenzetu wanatafutwa.

Mwaka 2005 viongozi sita wa vyama vya Iraq walizunguka Marekani wakiongea wenyewe na wafanyakazi wa huko. Mkataba wa kimataifa namba 87, unaolinda haki ya kuunda vyama, Iraq iliuridhia 2018.