Awer Mabil: Mzaliwa wa Kenya Asiye Mkenya

Tarehe 13 Juni 2022, nchini Qatar, Australia na Peru zilimaliza dakika 120 bila bao. Mkwaju wa sita wa Australia ulipigwa na Awer Mabil, akafunga. Kipa Andrew Redmayne akaokoa ule uliofuata, na Australia ikafuzu Kombe la Dunia.

Mshambuliaji huyo alizaliwa mwaka 1995 katika kambi ya Kakuma, Turkana. Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita vya Sudan. Alijifunzia kandanda hapo kambini, akicheza peku, hadi mwaka 2006 familia yake ilipopokewa Australia. Alichezea Adelaide United, akahamia Midtjylland ya Denmark mwaka 2015, na Oktoba 2018 akafunga bao katika mechi yake ya kwanza ya taifa, dhidi ya Kuwait.

Wengi huisimulia habari hii kama sifa ya juhudi. Mimi naisoma pia kama historia ya sheria. Kabla na baada ya Katiba ya 2010, sheria za Kenya hazimpi mtoto uraia kwa sababu tu amezaliwa nchini. Sharti mzazi wake awe raia. Hivyo Mabil aliishi Kenya miaka kumi ya kwanza ya maisha yake, akaondoka akiwa mkimbizi kama alivyozaliwa.

Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Wapo waliozaliwa humo ambao leo nao ni wazazi. Nawauliza watunga sera wetu: ni kizazi cha ngapi kitakachoacha kuitwa mgeni?