Jimbo Katoliki la Nakuru

Jimbo Katoliki la Nakuru ni jimbo la Kanisa Katoliki katika Bonde la Ufa la kati, Kenya, lililoundwa mwaka 1968. Eneo lake ni kaunti za sasa za Nakuru na Baringo; kanisa kuu ni la Kristo Mfalme, mjini Nakuru. Jimbo hueneza Injili kupitia parokia, shule na huduma za afya, lakini ushuhuda wake uliosikika mbali zaidi ni wa miaka ya 1990, chini ya Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki (1971–1996). Mapigano ya kikabila yalipofika Molo na Olenguruone mwaka 1992, Ndingi aliinyoshea serikali kidole hadharani, jambo la hatari wakati huo, na Kanisa likawahudumia waliofurushwa bila kujali kabila. Miongoni mwao walikuwa watu waliofukuzwa Enoosupukia, walioishi kwenye kambi ya Maela, karibu na Naivasha, tangu 1993. Desemba 1994 maofisa wa serikali waliibomoa kambi hiyo na kuwasomba watu kwa malori usiku. Ndingi alihamishiwa Nairobi mwaka 1996, akawa askofu mkuu mwaka uliofuata, na kufariki mwaka 2020.