Viti na vifaa vya ziada vinavyoamua bei ya gari la spoti

MNUNUZI wa gari jipya la spoti hukabidhiwa orodha ndefu ya vifaa vya ziada kabla ya kutia saini. Kila kifaa kina bei yake, na jumla yake yaweza kuongeza kitita kikubwa juu ya bei ya msingi. Jambo ambalo aghalabu husahaulika ni kuwa mnunuzi wa pili, siku gari litakapouzwa tena, hatalipa kifaa baada ya kifaa. Atalipia gari lenyewe, aongeze kiasi kwa ajili ya vitu vichache anavyovitamani, na vilivyosalia avichukue kama bure.

Hakuna mfano ulio bora kuliko Porsche 911 Carrera RS 2.7, iliyoonyeshwa mara ya kwanza jijini Paris mnamo Oktoba 1972. Bei yake ya msingi nchini Ujerumani Magharibi ilikuwa alama 34,000. Mteja aliyetaka gari jepesi aliongeza alama 700 na kupewa muundo wa Sport, uliojulikana kiwandani kwa nambari M471. Viti vya nyuma viliondolewa, pamoja na zulia, saa na vya kuegemeza mikono, huku viti vya mbele vikiwa vyembamba na vyepesi. Aliyependa starehe alilipa alama 2,500 za ziada akapata muundo wa Touring, M472. Gari la Sport lilikuwa na uzani wa kilo 960, la Touring kilo 1,075.

Wengi walichagua starehe. Kati ya magari 1,580 yaliyoundwa hadi 1973, 1,308 yalikuwa ya Touring na 200 tu ya Sport. Yaliyobaki yalikuwa ya mashindano na ya kutimiza masharti ya kuyaidhinisha. Leo mambo yamegeuka. Minadani, gari la Sport huuzwa ghali kuliko la Touring, na pengo si dogo. Aliyelipa alama 700 ili apunguziwe vitu ndiye aliyenunua mali. (Ukoo huu wa magari si mgeni nchini Kenya: katika Safari Rally ya 1974, Björn Waldegård alimaliza wa pili kwa Porsche 911, nyuma ya Joginder Singh.)

Uchache ni sehemu tu ya sababu. Sababu kuu ni kwamba viti vile vyepesi viliafikiana na kusudi la gari lenyewe. Kanuni hiyo ingali inafanya kazi katika magari ya sasa. Kiti cha mashindano, ambacho mgongo wake haulali na kuta zake za pembeni humbana dereva kiunoni na mabegani, hutafutwa sana na wanunuzi wa 911 GT3, gari lililoundwa kwa viwanja vya mbio. Asiye nacho hupata taabu kumshawishi mnunuzi wa aina hiyo. Kiti hicho hicho kikiwa ndani ya 911 ya kawaida isiyo na paa, inayotumiwa kwenda kazini kila siku, huwafukuza wateja. Mzee mwenye maumivu ya mgongo hataki kuinuka kwa kujivuta kila anaposhuka, na mtu mnene huenda asiingie kabisa.

Wapo wanaosema viti si hoja kwani vyaweza kubadilishwa baadaye. Si rahisi hivyo. Kiti cha kisasa kina nyaya, vihisio na mara nyingi mfuko wa hewa wa usalama ndani yake, na ukanda wa usalama hutegemea namna kilivyofungwa. Isitoshe, wakusanyaji hupendelea gari lililobaki jinsi lilivyotoka kiwandani. Mwenye busara akibadilisha viti huvihifadhi vile vya asili, avikabidhi pamoja na gari.

Lisilobadilika kwa urahisi kuliko viti ni giaboksi. GT3 iliyozinduliwa 2013 ilitoka kwa giaboksi ya PDK pekee, isiyo na pedali ya klachi, na wapenzi wengi wakanung’unika. Mnamo 2016 Porsche ilitoa 911 R, magari 991 tu, yote ya gia za mkono, na punde yakaanza kuuzwa kwa bei iliyopita mbali ile ya kiwanda. Mwaka uliofuata GT3 ikarudishiwa gia za mkono. Ferrari F430 inaonyesha jambo hilo hilo: zenye gia za mkono ni chache, na leo ni ghali kuliko zile za kubadilisha gia kwa vidole nyuma ya usukani, ingawa mfumo huo ulihesabiwa kuwa wa kisasa zaidi.

Breki za kauri zina sura mbili. Huvutia katika tangazo, lakini mnunuzi anayekusudia kwenda uwanjani hukumbuka gharama ya kubadilisha diski zake na huenda akapendelea za chuma. Mitambo ya ramani ya miaka ya 2000, iliyolipiwa pesa nyingi, leo haimshughulishi mtu mwenye simu. Kifaa cha kuinua pua ya gari, kwa upande mwingine, hutafutwa hata na wasiojali mbio. Anayejua matuta ya barabara za Nairobi hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kwa kuwa bei hutegemea alichotia mwenye kiwanda, ushahidi nao una thamani. Katika Porsche nyingi za zamani, karatasi yenye nambari za vifaa vya ziada hubandikwa chini ya boneti, na nakala yake kwenye kitabu cha matengenezo. Mnunuzi hulinganisha nambari hizo na anachokiona, kiti kwa kiti, kwani yapo magari ya Touring yaliyovuliwa mazulia na viti vya nyuma ili yafanane na ya Sport.