Akilea

Akilea (jina la kisayansi: Achillea millefolium) ni mmea wa dawa wa kudumu katika familia Asteraceae, yaani mimea iliyo na mnasaba na alizeti. Asili yake ni maeneo yasiyo na joto kali ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Huota penye nyasi, kando ya barabara na katika mashamba yaliyoachwa.

Jina

Linnaeus aliupa mmea huu jina lake la kisayansi mwaka 1753. Neno Achillea linatokana na Akile, shujaa wa Wagiriki katika masimulizi ya vita vya Troia, anayesemekana kutibu majeraha ya askari wake kwa mmea huu. Millefolium ni Kilatini na maana yake ni "majani elfu".

Maelezo

Mmea hufikia urefu wa sm 20-100. Majani ni marefu na membamba, yamegawanyika mara nyingi hata kufanana na unyoya. Shina lina nywele fupi. Maua ni meupe, pengine ya waridi, nayo hukaa pamoja juu ya shina kama mwavuli bapa. Mmea wote una harufu kali.

Kutambua na kuchuma

Mimea kadhaa ya familia ya karoti ina maua meupe yanayofanana na yale ya akilea, na baadhi yake inaua. Mmoja wao ni Conium maculatum, ambao sumu yake ilitumika kumwua Sokrates mjini Athens mwaka 399 KK. Tofauti zao ni hizi:

* Shina la Conium ni laini, halina nywele na lina madoa ya zambarau. La akilea lina nywele na halina madoa hayo.
* Vikonyo vya maua ya Conium huanzia mahali pamoja kama njiti za mwavuli. Vya akilea hutoka kwenye shina kwa urefu mbalimbali.
* Jani la Conium ni pana lenye umbo la pembetatu. La akilea ni jembamba.

Ni rahisi zaidi kukosea kabla ya maua kutoka. Mmea usiotambuliwa kwa hakika hauchumwi.

Akilea huchumwa wakati wa maua, siku kavu, umande ukishakauka. Hukatwa sehemu ya juu tu ili mizizi ichipue tena, kisha hutundikwa kivulini penye hewa.

Matumizi

Maua na majani makavu hutengenezwa chai. Shirika la Dawa la Ulaya linakubali matumizi ya jadi ya akilea kwa kukosa hamu ya kula kwa muda, matatizo madogo ya tumbo, maumivu madogo ya hedhi na vidonda vidogo vya juu ya ngozi. Kukubali huko kumetokana na matumizi ya muda mrefu, si majaribio ya kutosha kwa wagonjwa. Mafuta yanayotolewa kwa mvuke mara nyingi huwa ya buluu kwa sababu ya kamazuleni.

Tahadhari

Watu wenye mzio wa mimea ya familia Asteraceae wanaweza kuwashwa au kupata vipele. Wajawazito hushauriwa wasiitumie, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwulize daktari kwanza. Mmea huu ni sumu kwa mbwa, paka na farasi. Jeraha lenye kina au linalotoka damu nyingi huhitaji matibabu ya hospitali.